Nambari Ubavuni

Mnunuzi wa Leeds hataki hadithi.
Anataka nambari. Kasema kwa simu, mara mbili:
kama injini ni ile iliyotoka nayo kiwandani,
bei ni ile; kama sivyo, nusu yake,
na hapo atakuwa ametufanyia hisani.

Basi Jumanne, mvua ya Shropshire ikipiga bati,
nimelala chali chini ya gari la marehemu Alwyn Bebb:
viti viwili, mlango mwembamba kama jalada la daftari,
la mwaka hamsini na tisa, rangi ya maziwa yaliyolala.
Mjane wake, Bi Gwyneth, ameketi juu ya kreti ya tufaha,
kashika kadi ya usajili kwa mikono miwili
kama aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Injini, kwa wasiozijua, ni mwongo hodari.
Hupakwa kijani ikaitwa ya kale.
Huvikwa kifuniko cha dada yake, kabureta za binamu,
na kibati cha nambari ni misumari miwili tu:
jioni kinabanduliwa, asubuhi kina baba mwingine.
Kibati nakisoma, ila sikiamini.
Nashuka zaidi, penye chuma chenyewe,
nyuma ya dinamo, pasipoingia mkono bila kuacha ngozi.

Mafuta ya taa. Brashi ya waya. Kitambaa.
Masizi ya miaka sitini yanang'oka mabonge mabonge,
meusi, yanata kama halua.
Chini yake nyekundu. Chini ya nyekundu, kijivu.
Kisha, polepole, kama meno ya mtoto,
tarakimu zinachomoza.
Nasoma; naye ananijibu kutoka kwenye kadi
kwa sauti ya mwalimu aliyestaafu.
Saba. Saba. Sifuri. Sifuri. Nne. Nne. Moja. Moja.
Ile moja imepinda: mpiga muhuri wa siku hiyo
alikuwa na haraka, au usingizi, au mapenzi.
Na tarehe iliyosubiwa ubavuni ni ya Machi;
gari lilizaliwa Mei.
Injini iliyozaliwa nyuma ya gari haiwezi kuwa yake.
Hii ilitangulia, ikalingoja.

"Ndiyo yenyewe," nasema.
Anashusha pumzi aliyoibana tangu Februari.

Ningefunga boneti hapo. Ningelipwa, nikaenda kula.
Lakini mkono uliozoea kupekua hauna adabu.
Namulika fremu, karibu na springi ya kulia,
na nambari ya fremu si ya kadi.
Wala haikaribii. Ni ya gari jingine kabisa,
na nyuma ya viti kuna mshono wa kuchomelea,
kazi safi, kazi ya usiku,
ya mtu aliyeogopa kuulizwa.

Kutwa nzima natafuta injini iliyobadilishwa,
kumbe injini ndiyo iliyobaki.
Kilichobadilishwa ni gari.

Nikamwambia. Fundi anayeficha ufa anauza jeneza.
Akanyamaza. Akapitisha kidole hewani
juu ya jicho la kushoto, si lake,
la mtu ambaye hayupo.
"Alisema ni lango la ng'ombe," akasema.
"Wiki mbili kabla ya harusi. Kanisani alikuja na nyuzi tano hapa.
Miaka hamsini na moja, ni lango la ng'ombe."

Kisha akauliza swali lisilomo
katika kitabu chochote cha ufundi:
"Ni nusu ipi iliyotupeleka Barmouth?"

Sikujua la kumjibu. Nikawasha.
Ikakohoa, ikapiga chafya ya moshi wa bluu, ikashika,
na kijiko kikaanza kulia ndani ya kikombe chake.
Hakukizuia.

Jumamosi mnunuzi anakuja.
Nambari nimeziandika kwa chaki kwenye madigadi,
zote mbili, inayolingana na isiyolingana.
Bi Gwyneth kaokota kitambaa changu,
kasimama mbele yake muda mrefu.
Mimi nikatoka mvuani
kutafuta spana ambayo haikupotea.