Hesabu za Bega

Mvua ya Kodiak leo haianguki, imesimama tu hewani.
Mjomba Spiridon amekisimamisha kipimakasi juu ya miguu mitatu,
akakivika mfuko wa mkate kisilowe.
Mimi nimeleta bunduki mbili za marehemu baba,
daftari lake linalonuka samaki wa moshi,
na bega la kulia, langu, ambalo halijawahi kudaiwa.

Ya kwanza: mia tatu sabini na tano.
Risasi ya punje mia tatu. Kisanduku kikasoma
elfu mbili mia tano na ishirini,
futi, kwa sekunde moja.
Teke lake ni kofi la mwalimu:
limekwisha kabla hujajua kosa.

Ya pili ni nzee, fupi, ya arobaini na tano.
Risasi nene kama gumba, ngumu, punje mia nne na tano,
baruti kashindilia baba mwenyewe, bila huruma.
Elfu moja na mia nane. Basi.
Hii haipigi. Inakusukuma
kama jirani mnene mliyekutana mlangoni
naye hana nia ya kurudi nyuma.

“Yenye kasi ndiyo bunduki,” nikasema.
Mjomba akapanga madumu ya maziwa, yamejaa maji,
kumi na mawili, moja nyuma ya jingine.
Ya kasi ikarusha matatu hadi juu ya misonobari,
shangwe tupu, ikafia ndani ya la sita.
Ile goigoi ikayatoboa yote,
ikaenda zake kwenye changarawe, hatukuiona tena.
Haraka ina baraka zake, ila hazifiki mbali.

Kufikia risasi ya kumi na moja
bega lilikuwa limeiva zambarau.
“Lete nikupakilie,” akasema, akanipa mgongo.
Nikalenga. Nikavuta.

Ta.

Ganda tupu. Hamna baruti, hamna risasi,
lakini mtutu ulidonoa chini kama kuku,
macho yakafumba,
bega likakimbia nyuma kulipokea
teke ambalo halikuja.
Kisanduku hakikusoma kitu.
Mjomba hakucheka.

Akafungua daftari, akanionyesha.
Safu tatu za mwandiko wa baba: uzito, kasi, teke.
Ya nne haina jina, ina vijistari tu,
vichache mwanzoni, halafu vingi,
halafu ukurasa mmoja una maneno:
Ghuba ya Kunguru, Oktoba. Dubu jike, hatua thelathini.
Mteja alikosa. Nami nilikosa.
Nilikuwa nimefumba macho.

Sisi nyumbani tulijua
aliacha kuongoza wawindaji kwa sababu ya goti.
Mama alimkanda goti lile miaka tisa.

Mjomba akaokota maganda, moja moja, bado ya moto,
akayatia mfukoni.
“Jumamosi,” akasema, “njoo na ile ya sungura,
ile isiyomdhuru mtu bega.
Tutapiga makopo
mpaka jicho lisahau.”