Nyumba ya Hariri

Teksi iligoma kwenye kona ya mwisho.
Tukamalizia kwa miguu, pumzi zikitukimbia,
hadi lango la Bwana Iskandari, tajiri wa hariri,
aliyejenga huku juu ya milima ya Lebanoni
ili kila anayemdai achoke kabla hajabisha.

Matao matatu yanatazama bonde.
Kioo kimoja chekundu, kimoja samawati,
cha tatu kimezibwa kwa ubao tangu vita,
na juu ya ubao mtu amechora dirisha.

Najla anauza tiketi kwenye meza ya kupigia pasi.
"Picha juu, muziki chini," anasema.
"Umeme ukikatika msiondoke. Huwa unarudi."

Sebuleni, walikonywea kahawa wageni wa Bwana,
kijana wa Zahle ametundika viatu,
viatu, viatu vya watu waliohama.
Watazamaji wanasogea, wanarudi nyuma,
wanatikisa vichwa kama walioelewa.
Nami nilitikisa.

Kisha Najla akanivuta mkono wa shati: Twende.
Ngazi za mawe, zimelika katikati.
Chumba kirefu, viti vya plastiki, jukwaa la mbao.
"Hapa vilichemshwa vifukofuko vya viwavi wa hariri.
Bibi yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Ncha ya uzi inatafutwa ndani ya maji yanayotokota,
kwa vidole.
Alipozeeka alishika birika la moto bila kitambaa,
sisi watoto tukadhani ni uchawi."

Ukutani, nyuma ya spika, mikwaruzo:
mistari minne, wa tano umeikata,
minne, wa tano. Siku ambazo hazijalipwa.
Mafundi walikuja na chokaa, wakasema ni uchafu.
Najla alisimama na ufagio mpaka wakaenda kula,
na waliporudi alikuwa bado amesimama.

Usiku mpiga selo alipoanza, taa zikazimika.
Hakuna aliyeguna. Upinde ukaendelea gizani,
ukitafuta uzi.
Nikanyoosha mkono ukutani, nikahesabu kwa kidole:
minne, wa tano; minne, wa tano; minne,

wa tano haupo.

Jenereta ikakohoa nje, mwanga ukaturudia ghafla,
kila mtu akikodoa kama aliyefumaniwa.
Mlangoni Najla alikuwa anahesabu mapato,
akilamba kidole kabla ya kila noti.