Deni la Nsajigwa

Usiku mvua ilipiga bati kidogo, ikaondoka bila kuaga.
Vuli ndivyo ilivyo, mgeni asiyekaa kitako.
Asubuhi Upanga nzima imemwagikiwa maua ya mikrismasi,
mekundu juu ya boneti za magari,
mekundu juu ya kofia ya mlinzi aliyesinzia
asijue kapambwa kama bwana harusi.

Leo Nsajigwa analipa.

Aliahidi mwezi wa nne, kando ya kitanda cha wodini,
Eliakunda akiwa hatofautishi uji na maji ya mchele,
kila akilacho kina ladha ya msumari.
"Siku utakayosikia pilipili," alisema,
"mji mzima nalipa mimi, kuanzia supu hadi madafu."
Mwantumu akatoa simu, akamrekodi.
Sisi si watoto.

Basi tumeanzia Magomeni, saa moja na nusu,
supu ya makongoro inayonatisha midomo,
ndimu, chapati zinazochanika tabaka kwa tabaka.
Nsajigwa anahesabu kwa macho.
"Ya tatu hiyo, Mwantumu."
"Andika. Si wewe mhasibu?"

Eliakunda kavua kilemba. Nywele zimerudi,
fupi, laini, hazijaamua zilalie upande gani.
Anapuliza kijiko.
Tunamtazama kama wazazi mbele ya ubao wa matokeo.
"Chumvi naisikia," anasema.
Chumvi tu.
Haya, twende.

Kariakoo embe za kwanza zimeshuka,
bado zina ubishi karibu na kokwa.
Muuzaji anazichana vipande virefu, anazinyunyizia.
"Na uchachu," anasema Eliakunda, jicho moja limefumba.
"Na uchachu naupata."
"Pilipili je?"
Anatikisa kichwa.
Namuona Nsajigwa akipapasa mfuko wa suruali
kwa matumaini madogo, ya siri, ya kihasibu.

Kwenye pantoni kalipa nauli za wanne
akadai chenji mpaka sarafu ya mwisho.
Upepo ukamfunua Mwantumu mtandio,
jogoo wa mtu akawika ndani ya kikapu,
tukacheka, sijui kwa nini tulicheka sana vile.
Labda kwa sababu mwaka jana, siku kama hii,
tulikaa kwenye benchi la hospitali tukimenya machungwa
ambayo hakuna aliyeyala.

Mjimwema. Meza ya plastiki, mguu mmoja mfupi.
Hemedi anakaanga mihogo kwenye karai,
inapasuka katikati, nje dhahabu, ndani unga mweupe.
Analeta kibakuli.
"Chachandu ya leo kapika mama. Mimi simo."

Eliakunda akachovya.
Akatafuna polepole, anatazama mbali,
nasi tumeacha kutafuna.
Kisha kwikwi. Kisha pua. Kisha machozi,
na mkono ukaruka, ukanyakua dafu la Nsajigwa,
akalinywa lote bila kupumua.
"Mama yangu we! Inawasha!
Jamani, inawasha!"

Mwantumu akapiga kigelegele,
meza za jirani zikadhani kuna posa.
Hemedi akaja mbio na maji na samahani zake.
"Usiombe radhi," nikamwambia, "leta nyingine."

Ndipo mvua ikarudi, ghafla, kubwa,
tukabanana chini ya turubai lenye tundu moja
nalo lilimchagua Nsajigwa.
Samaki changu wakaja hivyohivyo, na matone,
na wali wa nazi, na kachumbari tukaila kwa mikono,
naye akihesabu noti zilizoloa,
anazibandua moja moja kama anamenya kitunguu.

"Pungufu," akasema mwishowe. "Mia saba."

Eliakunda akafuta pua, akafungua pochi,
akamwekea sarafu kiganjani taratibu.
"Hizi nitakudai."

Kisha akamgeukia Hemedi,
midomo bado mekundu kama barabara ya Upanga,
akaagiza mhogo mwingine.