Bomba Namba Kumi na Saba

Chumba chetu kiko nyuma ya duka la pembejeo,
kinanuka salfa ya mikorosho mwaka mzima.
Kompyuta ni moja. Herufi J imekufa,
kwa hiyo maji, kijiji, jamii
hatuyaandiki: tunayanakili kutoka barua za zamani,
tunayabandika.

Siku ya kwanza nilifungua ramani ya dunia,
nikaitafuta Nanyumbwe.
Ruvuma ulikuwepo, uzi wa buluu.
Ng'ambo yake Msumbiji ilikuwepo.
Lami ya Newala ilikuwepo, hadi inapokatikia.
Kisha weupe. Kaya mia tatu na arobaini, weupe mtupu.
Nikamwita Fidea Nantanga aje aone tusivyokuwepo.
"Mbona siku ya kura huwa tupo?" akasema,
akavaa viatu.

Tulitembea siku kumi na moja.
Kila bomba tulisimama kando yake
mpaka simu ikajua iko wapi,
tukabonyeza: kijani, linatoa; nyekundu, halitoi.
Kwa Bi Somoe Mkalawe, bomba namba kumi na saba,
mpini ulikuwa unaanikiwa kanga.
"Usiandike limekufa," alisema. "Andika limelala."
Nikatafuta. Rangi ya kulala haikuwekwa
na waliotengeneza, huko waliko.
Nikabonyeza nyekundu, nikiwa nimempa mgongo.

Usiku tulikwenda ukingoni mwa genge,
ambako simu hukukaribisha Msumbiji kwa Kireno
na kukulia salio ukizubaa.
Tukageuka huku na huku, mikono juu,
kama watu wanaopepeta giza,
mpaka vitone vikaanza kuondoka,
kimoja,
kimoja,
kumbikumbi wa mvua ya kwanza.

Sasa kila Jumanne tunatuma:
*Boza kesho alfajiri, uwanja wa shule.
Ndoo ni mia tatu. Ukitozwa mia tano, tuambie.*
Yakaja majibu sitini na moja:
mia tano, mia tano, mia saba.
Na moja hivi:
*Simu ni ya mume wangu. Msitume usiku.*
Huyo nilimwandika daftarini kwa penseli,
nikawa namtumia saa nne asubuhi,
mume akiwa shambani na simu ikiwa kwenye chaji.

Mhandisi alikuwa na kitabu.
Kitabu kilisema kumi na saba linatoa.
Ramani yetu hakuitazama mara mbili.
"Hivi ni vitone tu."
Basi tukatuma ujumbe mmoja kwa wote:
*Njoo na stakabadhi ya mchango wa bomba.*
Na watu wa korosho hawatupi stakabadhi!
Zilitoka ndani ya kopo la kahawa, ndani ya msahafu,
ndani ya foronya iliyoshonwa ikashonwa tena;
moja ililiwa na mchwa ukabaki muhuri.
Mhandisi alizihesabu mpaka adhuhuri,
hesabu ikampotea, akaomba maji ya kunywa.

Pakawa kimya.

Mpira ulioharibika ulikuwa mdogo kuliko bangili ya mtoto.
Ulifika baada ya wiki saba.
Bomba likakohoa kutu siku mbili, kisha likatoa.
Nikabadilisha rangi mbele ya macho ya Bi Somoe;
hakuitazama,
alikuwa anaanua kanga.
Nyekundu zimebaki tisa.
J bado haijafufuka.

Jana, saa tano usiku, namba ngeni:
*Ni mimi wa msitume usiku.
Nimeuza korosho zangu. Hii simu ni yangu.
Tumeni saa yoyote.*

Nikawasha taa,
nikatafuta kalamu ya wino.