Safu ya Mwisho

Ukungu umepanda tena kutoka Shimo la Mungu,
umevuka gulio, umeingia bila hodi,
nami nimekaa kwenye kigoda, jikoni kwangu, Newala,
nyayo nimezielekeza kwenye makaa,
mkononi spoku mbili za baiskeli ya mjomba Likunja.
Alizinoa mwenyewe juu ya jiwe la visu,
akacheka: "Baiskeli imekufa.
Haya, nayo sasa itembee kwa mikono."

Uzi huu ulikuwa masweta matatu ya mtumba,
mawili ya kijivu, moja la rangi ya zambarau iliyoiva.
Niliyafumua mchana kutwa,
nikauosha uzi kwa ndoo moja tu,
maana huku juu maji tunayapima kama dawa ya kikohozi.

Nilianzia Ndanda, wodi ya wanawake, kitanda cha nne.
Mama amelalia ubavu, anasikiliza spoku zikigongana.
"Umefika safu ya ngapi?"
Hakuwahi kuniuliza daktari amesema nini.
Ishirini na mbili, mama.
Thelathini na tisa, mama.
Kwenye sitini na moja
hakuuliza.

Nikaitia kapuni pamoja na spoku zake.
Misimu miwili ya korosho ikapita,
panya wakaonja pindo.

Juni hii baridi imenitoa kapu uvunguni.
Jioni za mwanzo nilifuma kama mtu anayelipa faini:
mifuko mitatu ya salfa, yote ya mkopo,
ada ya Eusebia, bati la choo,
na mnada ambao bei yake hakuna aijuaye.
Safu ya sabini itazame ilivyokaza,
utadhani uso wa karani wa ghala.

Kisha, jioni gani sijui,
kitanzi cha mbele, kitanzi cha nyuma,
deni likaja likasimama mlangoni
kama kuku ambaye hakufukuzwa wala kurushiwa punje,
likachungulia,
likaenda zake.
Kitanzi cha mbele. Kitanzi cha nyuma.
Nilisikia kaa likipasuka,
nikasikia uzi ukipita kwenye ukucha wangu wa shahada
pale ulipochanika wakati wa kubangua.
Sikuiita sala. Sala naijua, ina maneno yake.
Ila nilipoinua kichwa sufuria limekauka,
mabega yameshuka yenyewe toka masikioni,
na mimi, mtu mzima,
nikajifumania nimetulia.

Jirani yangu Fidea ana jicho la sindano.
"Hapa uliangusha kitanzi," akasema,
akapitisha kidole kwenye tundu.
"Fumua, mwenzangu. Ni safu themanini tu."
Nikahesabu kutoka pindoni.
Sitini na moja.
Nikamwambia, iache.
Hapo pana mtu.

Usiku huu ninafunga.
Kitanzi kinaruka mgongo wa mwenzake,
kinalala, na mwingine juu yake,
mia na kumi, mia, hamsini, tisa,
na ninakwenda polepole kwa makusudi
kama mtoto anayeramba ncha ya ubuyu asiumalize,
kwa sababu nauliza, mikono hii kesho itashika nini?

Kimebaki kimoja.
Kuna vitanzi vya kunyongea, tunavijua.
Hiki kimeshikilia shali nzima
kwa upana wa tundu la kifungo.
Nimekata uzi kwa meno,
nimeupitisha, nimeuvuta.
Hakuna kilichofumuka.

"Mia na arobaini na moja, mama,"
nimesema kwa sauti, na paka amenitazama.

Inanuka moshi, inanuka salfa,
upande mmoja umezidi mwingine kwa vidole vitatu.
Alfajiri bomba la kwa Nantende limekohoa,
limekohoa tena, limetema.
Nimejitanda shali yangu,
nimechukua ndoo.