Paa Lipi

Kijana wa Kilindini amenipigia tena.
Anaitwa Shabibi, sauti yake imepakwa mafuta.
"Mzee Thoya, gari liko tayari kuagizwa,
milango miwili, rangi ya zambarau iliyoiva,
limebaki jambo moja tu: paa.
Kuna la chuma. Kuna la kioo.
Kuna la turubai, unabonyeza, linajikunja nyuma
kama mkeka baada ya hitima.
Nipe jibu kesho saa nne."

Kesho ndiyo leo.
Saa tatu na robo, niko kibarazani, Maweni,
na karatasi yenye picha tatu za gari moja
limevaa kofia tatu.

(Pesa, kwa wanaouliza, ni za kiwanja cha Mambrui.
Hakikuwa na mnazi hata mmoja.)

Miaka thelathini na miwili nimeezeka makuti.
Hoteli za Casuarina, nyumba za Wataliano wa Mayungu,
baa mbili zilizoungua, moja iliungua mara mbili.
Najua mteremko upi unamwaga maji
na upi unayabembeleza.
Nikipita chini ya paa, shingo hujiinua yenyewe
kuhesabu mapengo.
Na leo nashindwa na paa la ukubwa wa meza.

La chuma, basi. Chuma hakibishani.
Nazi ikianguka itaacha kishimo na aibu, yaishe.
Lakini nimewahi kukaa ndani ya la mwenzangu
pale kituo cha petroli, adhuhuri:
sufuria iliyofunikwa,
na jua la Februari limeshika mwiko.

La turubai ndilo nililoliota,
ng'ambo ya daraja la Sabaki,
upepo ukinipekua mifuko.
Ila turubai na chumvi hawajawahi kusikizana.
Kila kilichoshonwa
hufumuka kwanza penye mkunjo.

La kioo naliogopa.
Shabibi anasema kioo kinakula nafasi ya kichwa, vidole viwili.
Vidole viwili ndio urefu wa kofia yangu.
Na kunguru wa Malindi nawajua,
wakiona kitu kisafi hukitia sahihi.

Neno lenyewe halitulii.
Paa ni hilo la juu.
Paa ni yule wa msitu wa Arabuko,
miguu vijiti vya mshikaki, ukikohoa hayupo.
Paa ni kwenda juu, kama ndege ya asubuhi
inayotikisa madirisha yetu.
Na sasa hivi, uani, mama anapaa changu,
magamba yamemjaa hadi viwikoni
kama bangili za bati.

Nyumba aliyotulea
haikuwa na hadhi ya kuvuja mahali pamoja.
Ilivuja ikitembea.
Usiku wa masika alituhamisha na mkeka, pembe kwa pembe,
sufuria hapa, kopo la samli pale,
dada yangu Nyevu akihesabu matone mpaka alale.
Kiangazi, kupitia matundu yale yale,
tuliziona nyota. Hatukulipia.
Baba, fundi wa makuti,
alikuwa akiezeka kwa watu.

Hili sikumwambia Shabibi.

Saa nne kasorobo naingia uani na karatasi.
"Mama, lipi?"
Anaegemeza kisu kwenye ukingo wa beseni.
Anatazama la kwanza, la pili, anarudi la kwanza,
kwa jicho la mtu anayechagua nyanya.
"Linavuja?"
"Lipi?"
"Lolote."
"Hapana, mama. Yote hayavuji."
"Basi unaniuliza nini?"
Anarudi kwa samaki wake.

Simu inalia.
Gamba moja limenata juu ya picha ya kioo,
dogo, jembamba, linapitisha mwanga.
Silibandui.
"Shabibi," nasema, "kofia nitavua."