Mpagazi

Ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga,
chini ya vifungo, risiti za tumbaku za chama cha ushirika
na meno ya bandia ya babu:
sandarusi moja, ukubwa wa kunde mbili,
rangi ya asali ya Sikonge isiyochujwa.

Nyumbani walisema Mihambo aliitoa pwani,
baba wa babu wa babu.
Miezi mitatu kwenda, pembe begani,
na akarudi na hii.
Sisi watoto tuliisugua kwenye nywele
ivute vipande vya karatasi.

Leo Nyamizi, mtunza maabara ya shule,
kaniazima hadubini saa ya chai.
"Usiguse hapo. Fumba jicho moja. Haya."

Chungu.
Si siafu, si majimoto,
wala si hawa wa kwenye bakuli la sukari:
taya zimepita urefu wa kichwa,
kiuno kina vifundo viwili.
Nyamizi akafungua kitabu, akafunua,
akarudi nyuma, akafunua tena,
kisha akasema kwa sauti ya mtu
anayetaja marehemu asiyemfahamu:
"Ukoo wake umekwisha. Duniani hayupo hata mmoja."

Nikainama tena.
Kumbe kabeba.
Kitu cheupe tayani, kama chenga ya mchele.
Yai? Chakula? Nyamizi hajui.
Utomvu ulimkuta njiani, mguu mmoja juu,
ukamjaa machoni,
na mzigo hakuutua.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Ile pembe ya Mihambo
nimeibeba miaka yote kwa mdomo tu,
nikiwasimulia wageni, nikiongeza maili.
Sikuwahi kuuliza bega lipi.
Sasa namwona sokoni, siku ya ujira,
wenzake wakichagua kaniki na shanga,
yeye anainua kipande hiki juani,
anafumba jicho moja,
anakaa kimya muda mrefu kuliko inavyofaa
mbele ya mtu anayekulipa.

Au hakuona kitu. Huenda alipunjwa.

Kengele imelia. Nyamizi ana kibandiko na kalamu:
"Tuandike jina gani?"
Namwambia asubiri.

Kizingitini sisimizi wanahamisha ganda la andazi,
wengi, wakivutana, wakikosea njia.
Nimesimama na kopo langu kwapani.
Wanafunzi nyuma yangu wanasukumana:
"Mzee, pita basi!"
Ganda limekwama kwenye ufa.
Ngoja kwanza.